Umeme wa Akiba Mtaani kwa Mama Mkwe

Noelia Treviño alifanya kazi katika tume ya umeme mjini Austin, na kazi yenyewe hata mumewe alishindwa kuwaeleza wageni: alikuwa akiandika kanuni za makampuni ya akiba. Kampuni ya umeme ikifilisika, wateja wake hawaachwi gizani. Wanakabidhiwa mara moja kwa kampuni nyingine iliyowekwa tayari kuwapokea. Bei ya huko huwa ya juu, lakini taa zinaendelea kuwaka, na mteja yuko huru kuhama akipata kwingine penye nafuu. Noelia alizipenda kanuni zake, mpaka siku Farolito ilipoanguka.

Farolito ilikuwa kampuni changa yenye matangazo mengi, na kule Laredo ilikuwa imeuteka mtaa mzima wa mama mkwe wake. Aliyewaingiza watu ni mama mkwe mwenyewe, Doña Eufemia, wala hakulipwa chochote. Wakala wa Farolito, kijana mtanashati aitwaye Wenceslao, alikula tamale zake, zile za unga wa mahindi zinazopikwa ndani ya maganda, akasema tangu mamake afariki hajaonja kitu kama hicho. Basi, kazi ikaisha. Jioni ile Eufemia alimshika mkono akampitisha nyumba kwa nyumba kama bwana harusi.

Sasa simu ikalia ofisini kwa Noelia.

"Mwanangu, ni nyinyi mlioniozesha?"

"Tumekuozesha, mama?"

"Kuna watu wameniletea bili, eti mimi ni mteja wao. Siwajui, hawakuniposa, nimeamka tu nimeshakuwa wao."

"Hiyo ni kampuni ya akiba, mama. Farolito imefilisika. Hukupata barua?"

"Barua gani? Ninachojua ni kwamba bei imepanda na mtaa haunisalimu. Jirani yangu Rosario amenirudishia sufuria yangu tupu. Tupu, Noelia. Hata limau moja hakuweka."

Noelia akaelewa kwamba jambo limekuwa zito. Jumamosi akafunga safari peke yake, maana mumewe Abel, aliposikia habari ya sufuria, alishikwa na mafua ya ghafla.

Alikuta majirani wamejaa uani. Hawakuja kwa upendo. Eufemia alikuwa amepika kichwa cha ng'ombe kwa moto wa kuni tangu jana yake, na harufu ile ingemtoa mtu hata kwenye kesi yake mwenyewe. Noelia akasimama, akaanza kueleza utaratibu wa mpito wa wateja kwa mujibu wa kanuni.

"Binti," alimkatiza Don Tiburcio, mstaafu wa forodha, "hebu sema kama unaongea na mtu."

Noelia akavuta pumzi. "Taa zenu zilizimika?"

"Hazikuzimika."

"Ni kampuni ya akiba iliyowashika msianguke."

"Imetushika shingo," alisema Rosario, na watu wakacheka.

"Basi ondokeni. Mnaweza kuhama leo hii, hakuna faini. Barua ilisema hivyo."

Wakatazamana. Rosario akauliza kama ni ile yenye picha ya balbu inayotabasamu. Ndiyo hiyo. Basi yeye aliitupa, akidhani ni tangazo. Tiburcio alifungia samaki. Wengine hawakukumbuka hata walikoipeleka. Noelia akahisi shingo inapata joto, maana ile balbu ilipita mezani kwake, naye akaiona nzuri.

Hapo ndipo Wenceslao alipotokea langoni, amevaa shati la kampuni nyingine kabisa.

"Karibu, mwanangu," alisema Eufemia kwa upole wa kutisha, akavuta kiti katikati ya watu. "Kaa hapo. Na hii mpya, itakufa lini?"

Kijana alikaa, kofia magotini. "Mama, mimi mwenyewe nilikuwa mteja wa Farolito. Walinipokonya kazi na umeme wangu ukahamishwa siku hiyohiyo. Nami barua niliitupa."

Kicheko kilichozuka hapo ndicho kilichomwokoa, pamoja na sahani aliyopewa. Lakini Eufemia alikuwa ameshamgeukia mkwewe.

"Hii kampuni yake ni nzuri?"

"Siruhusiwi kusema, mama. Mimi ni wa tume."

"Hata kukonyeza?"

"Hata kukonyeza."

Kila mtu akamtazama Noelia machoni. Alijitahidi asipepese, akasimama kama sanamu, na moshi wa kuni ukageuka taratibu ukamwingia jicho la kushoto, likafumba lenyewe.

"Nimeona," alisema Rosario. "Kalamu iko wapi, tujiandikishe?"

"Ni moshi, jamani. Ni moshi."

"Ndivyo anavyotakiwa kusema," Tiburcio aliwaeleza wenzake, naye akaanza kutafuta miwani yake.

Aliyewazuia ni Eufemia. Alisimama mlangoni pa jikoni, mwiko mkononi, uso umemshuka. "Mara ile niliwavuta kwa sababu mtu kasifia tamale zangu. Safari hii simshiki mtu mkono. Kila mmoja alinganishe mwenyewe, kisha achague." Rosario akaenda kumsaidia kupakua.

Jumatatu Noelia aliifungua upya rasimu yake. Akaandika kwamba kampuni ya akiba impigie mteja simu, na maneno ya kwanza yawe mawili: taa hazitazimika, na uko huru kuondoka. Mawakili wa makampuni walilalamikia gharama, vikao vikavutana, lakini kifungu cha simu kikapita. Balbu inayotabasamu ikapigwa marufuku.

Mwezi uliofuata akampigia mama mkwe kumuuliza amehamia wapi.

"Bado niko kwa hao wa akiba."

"Mama, hao ndio ghali kuliko wote."

"Najua. Lakini yule binti wao wa simu, Maribel, dada yake amelazwa kujifungua. Sitahama kabla sijajua ni mtoto gani."