Saa za Kuruka

Nilimwambia baba, fundi saa asiyependa mzaha na kazi yake, kwamba ili niwe rubani nahitaji saa mia mbili za kuruka. Akavua miwani.

"Za kuruka? Saa inayoruka ni saa mbovu! Dukani kwangu hazitoki hizo!"

"Si saa za mkononi, baba. Ni muda wa kuwa angani na mwalimu, na kila saa inalipiwa."

Nilipomtajia bei ya saa moja tu, alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Bahati yake kilikuwepo. Shangazi akadakia kwamba kwa pesa hizo ningefungua saluni tatu. Nikamjibu kwamba saluni hazina mabawa, na chai yake sikuionja siku ile.

Baba alilipa hivyo hivyo, saa baada ya saa, huku akinung'unika kama feni kuukuu.

Jana alipanda ndege yangu kwa mara ya kwanza. Tulipotua, nikatoka kumuuliza safari ilikuwaje. Akatazama mkononi, kisha akapaza sauti abiria wote wasikie:

"Mwanangu, saa hii imeruka vizuri!"