Siku Niliyokalia Debe la Moto

Kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia sinia ikigonga ukingo wa debe, kisha kimya, kisha kitu kikimiminwa polepole. Nikajua ni mke wa mwanangu, Maryam, maana akijaribu kutopiga kelele huvuta pumzi kwa nguvu puani. Sikuinuka. Nilidhani mtoto wake kaamka na kiu.

Kulipopambazuka nikatoka uani kutawadha. Mlangoni mwa jiko yalikaa madebe mawili, moja la mchanga na moja la maji, kama alivyoagiza Uweso, balozi wetu wa nyumba kumi, baada ya nyumba za makuti kuungua kule Nguvumali. Mtungi wa maji ya kunywa ulikuwa umejaa hadi shingoni, na jana niliuacha nusu. Nikaondoa sinia iliyofunika debe la maji. Harufu ikanipanda kichwani. Mafuta ya taa, debe zima.

Nikasimama na kata yangu mkononi. Nani anatia mafuta ya taa kwenye debe la kuzimia moto?

"Mama, funika," Maryam akaninong'oneza nyuma yangu. "Ni yale ya Hamad."

Hamad mwanangu aliyanunua kwa mabaharia, Maryam ayauze kwa vibaba hapo barazani. Sasa jana, mtaa wa Usagara, wapekuzi walikuwa wameingia nyumba kwa nyumba, na waliokutwa na mafuta na sabuni wakapakiwa garini, wakaitwa wahujumu uchumi.

"Chini ya kitanda wanatazama," alisema. "Debe la moto hakuna anayelitazama. Wakiyaona, Hamad hatumwoni tena."

Mwaka ule mambo yalinipita. Tukiweka mchanga na maji, tunasifiwa kwa kujiandaa. Tukiweka mafuta ili tusikae gizani, sisi ni maadui. Nilitaka kumuuliza Maryam mpaka uko wapi, lakini hodi ikabishwa.

"Shikamoo, Bibi Wanu."

"Marahaba, mwanangu Uweso. Umekuja kukagua?"

"Leo si kukagua tu. Leo ni zoezi." Alikuwa kakumbatia makuti makavu. Akayatupa katikati ya ua na, kabla sijafungua kinywa, akawasha kiberiti. "Moto! Moto! Nyumba hii inaungua, mnafanya nini?"

Dorkasi akatoka chumbani mbio, kajifunga kibwebwe. Ni mpangaji wetu, mjane wa Kilutheri aliyekulia kambi za mkonge, na kazi yoyote kwake ni kama arusi. "Balozi, sisi kambini tulizima shamba zima kabla ya chai!" Akalikimbilia debe la maji.

Nikarudisha sinia, nikalikalia.

"Bibi, inuka!"

"Siinuki."

"Moto ule!"

"Nauona."

"Na hayo ni maji ya kuzimia moto!"

"Ni maji yangu ya udhu."

Dorkasi akashika kiuno. "Debe zima? Bibi, unamtawadhisha tembo?"

Uweso akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. "Bibi, ni zoezi tu. Tupishe, mama yangu." Maryam alikuwa kaganda ukutani, mkono mdomoni. Nami nilikuwa nimekaa juu ya mafuta, moto mbele yangu. Nikisema kweli, mwanangu anakwenda. Nikiinuka, tunakwenda sote.

Upepo ukageuka. Cheche ikaruka, ikadandia ukingo wa paa la jiko.

"Dorkasi, mwanangu, chukua mtungi!"

"Wa kunywa?"

"Tutakunywa kesho!"

Aliubeba peke yake, mtungi ambao wanaume wawili huunyanyua kwa kelele, akaumwaga wote juu ya paa. Uweso akatupa mchanga kwenye makuti. Moshi ukatanda, ukapungua. Ukingo wa paa ukabaki mweusi, unachuruzika maji.

Uweso akaja kuniinua. Mkono wake mmoja ulinishika kwapani, wa pili ukaegemea debe, pale mafuta yalipochirizika alfajiri. Akanusa vidole. Akamtazama Maryam, akanitazama mimi.

"Maji ya udhu ya Bibi yasiguswe," alisema kwa sauti ya kusikika mtaani. Halafu akainama, kana kwamba ananitengenezea kanga. "Kesho wapekuzi wanakuja huku. Wakute maji humo." Akanusa tena vidole. "Mama yangu anakula chakula chake cha usiku kwa kupapasa, Bibi. Mwezi mzima hatuna taa."

Akaondoka. Sikujua kama nimehurumiwa au nimedaiwa.

Mchana kutwa tukayagawa mafuta kwenye chupa, kila jirani na yake, Dorkasi akizipeleka chini ya kanga na kucheka. "Leo hata Mlutheri katawadha." Alirudi kisimani mara kadhaa bila kuombwa, mpaka debe na mtungi vikajaa.

Magharibi nikaenda na chupa kwa Uweso. Nikamkuta mlangoni.

"Niambie kweli," nilisema. "Hii ni rushwa au ni ujirani?"

Akajikuna kichwa. "Bibi, mimi mwenyewe najiuliza tangu asubuhi. Sikuja kuwaomba. Kinywa kilisema tu." Hakuipokea chupa. "Mpe mama wewe mwenyewe, ndani."

Mama yake, Bi Tuhfa, alikuwa kakaa mkekani gizani. Tulicheza pamoja Ngamiani tukiwa wasichana, kisha kila mmoja akaolewa upande wake. Nyumba zetu zimeachana vichochoro viwili tu, na sikumbuki kilichonizuia kumwendea. Nikajaza kibatari, nikakiwasha, nikakiweka kati yetu.

Akanikazia macho, akanishika shavu.

"Wanu! Kumbe umezeeka hivi?"

"Na wewe je?"

"Mimi sijajiona mwezi mzima, sijui." Akacheka mpaka akakohoa. Akanivutia sahani yake ya muhogo, akanimegea kipande kikubwa kuliko chake. Tulikula tukitazamana.

Nilipoinuka kwenda, hakuniachia mkono.

"Kesho uje tena, Wanu. Uje hata bila chupa."