Mchagua Risasi

Katika familia ile, anayemchagulia mwindaji risasi ndiye anayetembea kushoto kwake porini, na bunduki ya pili mkononi. Huwezi kubaki nyumbani unakunywa chai wakati mwenzio anakabiliana na nyati kwa risasi uliyompa wewe. Kwa miaka kumi na mmoja mchagua risasi wa Baba alikuwa binti yake mkubwa, muuzaji katika duka la bunduki, na cheo hicho alikipenda kuliko alivyowahi kumpenda mwanamume yeyote.

Sasa Baba alikuwa amepata kibali cha nyati mmoja, na alikwisha kutangaza kwamba huyo ndiye wa mwisho. Alhamisi asubuhi akaingia dukani na bunduki zake mbili, na nyuma yake, nani kama si mume wa mdogo mtu! Seremala huyo alikuwa akichonga vitako vya bunduki, na nyusi zake hazikuwahi kukosa vumbi la mbao. Tangu aoe katika familia, Baba alicheka vichekesho vyake hata visivyochekesha.

Binti akaweka pakiti juu ya kaunta. "Zako hizo, Baba. Nne-tano-nane za bunduki kubwa, ncha ngumu. Mfupa wa bega la nyati zinapita tu."

Baba hakuigusa. Akamgeukia mkwewe. "Unasemaje?"

Unasemaje! Mchagua risasi yupo, anaulizwa mtu wa randa na misumari!

"Mimi ningebeba ile bunduki yako ndogo, Mzee," seremala akasema, kwa upole wake ule wa kuudhi. "Ile ya tatu-saba-tano. Nyati anaanguka nayo vizuri, ukimpiga panapotakiwa. Na teke lake begani si kubwa."

"Teke?" Binti akamtazama juu chini. "Shemeji, Baba anapiga nne-tano-nane tangu wewe hujui kushika msumeno."

"Ni kweli, shemeji. Wala sibishi."

Hapo ndipo alipomchoma zaidi. Mtu akibisha, unabishana naye mpaka umshinde. Huyu alikubali kila neno, na bado Baba alikuwa akimsikiliza yeye. Kwa hasira binti akaona liwalo na liwe.

"Twende nyuma tukapige," akasema. "Mkono wa Baba useme wenyewe."

Nyuma ya duka palikuwa na uwanja wa shabaha. Binti akaijaza bunduki kubwa yeye mwenyewe, risasi tatu, na ile ya pili ilikuwa ya bandia, haina baruti. Wanafunzi hutegewa hiyo bila kujua: bunduki ikikataa kulia, mkono wa anayeliogopa teke unajianika. Mtutu wa Baba usingetikisika hata kidogo, hilo angekula kiapo. Seremala angeona kwa macho yake, abaki kumezea mate tu.

Risasi ya kwanza ililia, ikatoboa karatasi pembeni kabisa. Ya pili ikasema *tik*.

Mtutu ulizama kiganja kizima. Baba alikuwa amefumba macho, uso ameukunja kama mtoto anayengoja sindano. Akabaki hivyo kidogo, akilisubiri teke ambalo halikuja.

Seremala ndiye aliyewahi kusema. "Baruti itakuwa imepata unyevu. Hata mimi ningeshtuka, Mzee."

Uongo mtupu, na wote watatu walijua. Binti aliona afadhali seremala angecheka.

Baba akafungua komeo la bunduki, ile risasi ya bandia ikaanguka chini. Akainama kwa taabu, akaiokota, akaigeuza geuza.

"Mchezo huu nilikufundisha mimi," akasema.

"Baba, nilitaka aone kwamba wewe bado..."

"Alikwisha kuona. Mwaka jana, aliponipima bega ili anichongee kitako, likiwa jeusi tii kwa mateke ya bunduki. Akaniambia pembeni, tukiwa wawili. Hata mkewe hajui." Akamkabidhi binti ile risasi. "Wewe umeniambia hadharani."

Binti akaitia mfukoni. Akarudi dukani, akashusha pakiti ya tatu-saba-tano. Akazikagua moja moja, akizungusha kila risasi kwenye mwanga kutafuta mbonyeo, kazi ambayo seremala asingeiweza hata kwa dawa. Kisha akampa shemeji yake.

"Umechagua wewe," akasema. "Utasimama wewe."

"Shemeji, tunaweza kwenda wote. Nitamwomba Mzee..."

"Usinihurumie, tafadhali."

Akawasindikiza hadi mlangoni, kwa sababu adabu ni adabu. Walishuka ngazi taratibu, seremala amebeba bunduki zote mbili, Baba mikono mitupu, bega la kulia limeshuka. Lilikuwa limeshuka tangu lini? Mteja alikuwa akimwita ndani naye hasikii. Safari ya nyati angeweza kumwachia seremala, angeugua wiki moja akapona. Kijicho chake kilikuwa cha ile siku ya mwaka jana: Baba alivua shati mbele ya yule mwanamume, akamwonyesha panapouma.