Pumzi ya Gari la Sostenes

Kila asubuhi nikishamaliza sala, nilitoka uani kuwasha gari la mume wangu. Liliunguruma palepale kando ya ukuta mpaka chai ilipochemka, kisha nikalizima.

Sostenes ndiye aliyeniagiza. Shirika lilipompunguza kazini, kiinua mgongo chake alikinunulia gari hilo la dizeli, kuukuu kutoka Japani, tukitumaini teksi itatulisha. Teksi zikawa nyingi kuliko abiria. Akapanda treni ya Mwanza kwenda kutafuta riziki kwenye machimbo ya Geita.

"Liwashe kila siku, Dorkasi, lisije likalala," aliniambia dirishani. "Nikirudi nilikute linapumua."

Mwanzoni alipiga simu dukani kwa jirani yangu Anyesi, hapa Zuzu. Baadaye simu zikakoma. Mimi niliendelea kuwasha.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokwisha, gari lilianza kukosa nguvu. Siku niliyolipeleka mjini kwa fundi Nazir, kwenye kilima kidogo tu wenye baiskeli walinipita.

"Shikamoo, Mzee Nazir."

"Marahaba, Dorkasi. Mbona gari linahema kuliko mimi?"

Aliweka kiganja nyuma ya bomba la moshi, akatikisa kichwa. "Pumzi hii haizimi hata kibiriti."

Akaingia uvunguni, akalegeza bomba mbele ya boksi moja nene la chuma. "Kanyaga mafuta."

Nilikanyaga. Gari likanguruma kama zamani. Alipolikaza tena, likafifia.

"Injini ni nzima," alisema akijipangusa. "Humu ndani mna chujio la masizi, nalo limeziba. Gari likienda mbali, moshi unapata moto mkali na masizi yanaungua yenyewe. Lako linakwenda wapi?"

"Haliendi. Nalipasha tu uani."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Basi umekuwa ukichochea kuni mbichi, mama, na chungu hujateleka."

Nilitazama chini. Nilidhani namtunzia.

"Naweza kulitoboa boksi hili, moshi upite bila chujio," Nazir aliendelea. "Wengi wananiomba hivyo."

"Sostenes atakuta limeharibiwa."

"Kama hutaki, lipeleke Kibaigwa kwenye lami, gia ya tatu, usilibembeleze. Masizi huenda yakaungua. Yakigoma, urudi tulitoboe."

Kibaigwa iko mashariki. Mume wangu alikwenda magharibi, na tangu aondoke sikuwahi kulala wala kushinda mbali na geti la nyumba yetu.

"Na akirudi leo akakuta nimefunga?"

Nazir alikunja kitambaa chake polepole. "Akirudi leo, Anyesi atampa kiti. Wewe nenda."

Nikaenda. Mpaka Chamwino malori yalinipigia honi kwa hasira. Nilisali kwa sauti, macho yakiwa barabarani, mguu ukiwa umekandamiza mafuta. Nilipoipita Mbande nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, nikaogopa, nikamwomba Mungu anipe moyo wa kutosimama. Mbele kidogo, kwenye kupanda, gari likawa jepesi ghafla, kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni.

Kibaigwa nilisimama karibu na magunia ya mahindi, nikaweka kiganja nyuma ya bomba. Pumzi ya moto ikausukuma mkono wangu. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani niliyetaka kumwambia.

Nilirudi jua likiwa bado juu. Mchanga wa getini ulikuwa vilevile nilivyoufagia, na alama za matairi yangu tu.

"Hakuja mtu?" nilimuuliza Anyesi, ingawa nilikwisha kuona.

"Hakuja, mwenzangu. Njoo unywe maji."

Asubuhi iliyofuata nilisali, na jina la Sostenes likawa la kwanza kama siku zote. Niliteleka chai. Gari sikuliwasha; Jumamosi ningelipeleka tena barabarani. Uani kulikuwa kimya, kimya nilichokuwa nimekisahau. Treni ya kutoka Mwanza ilipopiga honi, niliweka kikombe chini nikasikiliza geti, mpaka mlio wa treni ulipoishia upande wa mjini.