Paja la Barthélemy

Katika chumba cha waliovunjika mifupa, hakuna aliyeitwa kwa jina lake. Mzee wa dirishani alikuwa Mtulinga, mama aliyeangukiwa na ukuta alikuwa Mbavu, na mume wangu Barthélemy alikuwa Paja. Alikuwa akiteremka kutoka Kibumba kuja Goma na chukudu yake, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, iliyojaa viazi, breki ikamkatalia, akajikuta chini ya mzigo wake mwenyewe. Mfupa wa paja ulikatika kati. Sidonie, muuguzi wetu, alisema huo ndio mrefu na mgumu kuliko mifupa yote ya binadamu.

"Sasa weye ulifanya namna gani mupaka ukavunja ile inapita yote kwa nguvu?" nilimuuliza Barthélemy. Mimi nikiogopa huwa nakasirika. Ndivyo nilivyoumbwa, na siku hizo niliogopa sana.

Sidonie alitueleza bila haraka. Mifupa ndiyo inayotusimamisha, ndani yake ndimo damu inamotengenezwa, na ukivunjika mfupa unajua kujiunga wenyewe. Shida ni nyama za paja. Zina nguvu kupita kiasi, zinavuta vipande viwili mpaka vinapandana, na vikishikana hivyo mguu unabaki mfupi maisha yote. Kwa hiyo walimpitishia chuma chini ya goti, wakafunga kamba, wakaipitisha juu ya gurudumu dogo mwisho wa kitanda, na huko wakaning'iniza jiwe jeusi la volkano, maana vyuma vya uzito havikuwepo tena tangu vita vya nyuma. Jiwe lilikuwa livute usiku na mchana. Mtu asiliguse.

Nilielewa vizuri kuliko alivyodhani. Mwenye chukudu hupiga goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu wa pili. Mwenye mguu mfupi hasukumi kitu. Na sisi nyumbani kule Ndosho, mimi na watoto, tulikuwa tunakula kwa mguu ule.

Novemba hiyo ya 2012 vita vikafika Kibumba, watu wakamiminika Goma na magodoro vichwani. Kati yao alikuwa mama mkwe wangu, Mukakalisa. Tangu mwanawe anioe mimi, Mnande wa Butembo, mtu wa kabila jingine, hakuwa amekanyaga kwetu hata siku moja. Aliingia hospitalini na kitenge kilichojaa vumbi, akaliona jiwe.

"Yesu! Munamufunga mutoto wangu jiwe sawa mwizi?"

Nilimweleza. Sidonie naye alimweleza. Mukakalisa alitusikiliza kama mtu anayesikiliza mvua, akatandika mkeka wake kando ya kitanda.

Siku chache baadaye Sidonie alipima miguu yote miwili kwa utepe, kutoka mfupa wa nyonga hadi kifundo cha mguu. Akapima upya.

"Mguu inapanda, inakuwa mufupi," alisema. "Kahindo, ni nani anagusa hii jiwe?"

Akanitazama mimi! Mimi niliyekuwa nakwepa kitanda kile nisije nikakigonga hata kwa kiuno! Nilitoka uani kwenda kupika huku nimevimba kwa hasira, nikasonga ugali kama ninayempiga mtu, na kwa vile nilikuwa na hasira ukaiva upesi. Nikarudi kabla ya kutarajiwa. Mama mkwe alikuwa ameketi mwisho wa kitanda, jiwe amelipakata kama mtoto mchanga. Barthélemy amefumba macho, uso umemlegea kwa raha.

"Barthélemy! Na weye ulikuwa unajua?"

"Inauma, Kahindo," alisema kwa sauti ndogo. "Na ni mama yangu. Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia: mama, acha!"

Niliweka sufuria chini. Nikaushika mkono wa mama mkwe bila heshima yoyote, nikauweka juu ya paja la mwanawe.

"Sikia hapa, mama. Iko nundu, unaisikia? Ni mufupa, kipande moja inapanda juu ya ingine. Sasa shusha jiwe. Polepole."

Alilishusha. Kamba ikakaza, Barthélemy akauma meno. Tulikaa hivyo, mikono yetu miwili juu ya paja lake, mpaka ugali ukapoa, na nundu ikawa inapungua kidogo kidogo. Kuanzia hapo Mukakalisa hakuligusa tena jiwe, lakini na mimi hakunisemesha.

Kisha mabomu yakaanza kuanguka upande wa uwanja wa ndege. Wenye miguu walikimbia; Mtulinga, pamoja na uzee wake, alipitia dirishani kutoka nje. Sidonie hakuwa amefika kazini, barabara zilikuwa zimefungwa. Risasi ilipovunja kioo juu ya kitanda chetu, niliona hakuna la kungoja. Mtu alale sakafuni. Lakini sakafuni jiwe halina pa kuning'inia.

"Mguu iende, mutu abaki!" nilipiga kelele, nikaikata kamba kwa kisu cha jikoni.

Tulimteremsha na godoro lake. Kilio alichotoa sitaki kukisikia tena. Nilikumbatia kichwa chake nikiwaza kwamba basi, chukudu imekwisha, sasa ni fimbo.

"Mushike mu kwapa!" mama mkwe aliniamuru. "Nikivuta, asinifuate!"

Alikuwa ameketi sakafuni, nyayo zote mbili amezikaza kwenye mguu wa kitanda, ameshika kile chuma cha chini ya goti kwa mikono yote miwili na kuvuta. Nikamwelewa. Nikapitisha mikono kwapani mwa Barthélemy, nikavuta upande wangu. Tangu arusi tulikuwa tunamvuta mwanamume huyu, kila mmoja kwake. Siku hiyo kuvutana huko kukawa na faida. Risasi zililia, plasta ya dari ilituangukia, mikono ikafa ganzi, na kila nilipotaka kulegea nilimwona yule mama, meno nje, hajalegea.

Mchana bunduki zikanyamaza. Mji ulikuwa umepata wakubwa wapya, na sisi wala hatukujali. Sidonie aliingia na viatu vyenye matope, akatukuta vile vile. Alichukua utepe akapiga magoti.

"Iko sawa," alisema. "Miguu yote iko sawa."

"Pima tena," alisema Mukakalisa.

Sidonie akapima tena. Sawa. Akaanza kumfungua mama mkwe vidole kimoja kimoja, maana vilikuwa vimegoma kuachia chuma, akashika mahali pake kuvuta. Mukakalisa akanitazama.

"Kahindo, pima weye."

Hakuwahi kuniita kwa jina. Nilichukua utepe. Nyonga hadi kifundo, huku na huku. Mfupa ulikuwa ungali na wiki zake za kujiunga, na baadaye ulijiunga vizuri, lakini mimi moyo wangu ulitulia saa ile ile.

"Iko sawa, mama," nilimwambia, nikaanza kulia na kucheka pamoja.

Mukakalisa alisogea juu ya vile vioo na vumbi, akaweka kichwa chake juu ya paja langu, akalala usingizi.