Posa ya Mwanafunzi

Mwalimu Thabit alisomesha historia Maskati miaka thelathini, na somo lililompandisha mori lilikuwa moja tu: watumwa wa Haiti walivyowatoa Wafaransa kisiwani. Kila mwaka alisimama mbele ya darasa akaeleza namna wakubwa wa Paris walivyoandika kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa, kisha wakaendelea kunywa kahawa kwa sukari ya watumwa wao. "Mabwana walizungumza haki mezani," akisema, "na aliyewaandalia chakula alikuwa na masikio."

Sasa amestaafu. Ijumaa hiyo, baada ya sala, alikuwa ukumbini kwake mbele ya kahawa na halua. Salem amekuja na ami yake kumposa Reem, binti wa Mwalimu. Na Salem huyo si mgeni. Alikuwa mwanafunzi wake, hodari kuliko wote, leo ana karakana mtaa wa Ghala na mafundi sita.

Lakini Bi Sayyida, dada mkubwa wa Mwalimu, alishampa neno tangu jana. "Kijana mzuri, sikatai. Ila babu yake alinunuliwa, Thabit. Hilo jina la kabila wanalotumia ni la bwana wake. Ukimpa mtoto, nani atakuja kuwaposa wajukuu zangu?"

Basi Mwalimu, yule yule wa Haiti, alimwangalia ami wa kijana akasema maneno yanayosemwa katika nyumba zetu mtu anaponyimwa mke: "Tumefurahi mmekuja. Lakini hakuna nasibu."

Mkuki kwa nguruwe, jamani. Ami aliinuka kutafuta viatu vyake, wala hakuuliza kwa nini, maana alishazoea. Salem alibaki amekaa.

"Mwalimu," alisema taratibu, "ulitufunza kwamba yale maneno ya Paris hayana mwenyewe, ni ya yeyote anayeyaamini. Mimi niliyaamini."

Mwalimu aliona haya mpaka masikio yakamchoma. Hata hivyo hakulirudisha neno lake, na wageni wakaondoka.

Reem alikuwa chumba cha pili na alisikia yote. Alikuja kuondoa vikombe.

"Baba, Jumapili nnakwenda mahakamani. Nitamwambia kadhi unanizuia bila ya sababu ya sheria. Akikubali, ataniozesha yeye."

"Utanishitaki mimi, mwanangu?"

"Nilikuwa na miaka tisa uliponikalisha hapa ukanihadithia habari za Haiti. Nilikuuliza nani aliwapa uhuru wao. Ukacheka, ukasema hawakupewa."

Siku mbili Mwalimu hakula vizuri. Bi Sayyida alimpigia simu mara nne, na mara ya nne hakuipokea. Jumapili asubuhi alivaa kanzu safi, akafunga kilemba, akaenda mahakamani. Njiani alijitungia maneno: ataingia, atasema anaozesha kwa ridhaa yake, na Reem atambusu mkono. Moyo ulianza kumtua. Halafu akawakumbuka maofisa wa Kifaransa waliotangaza uhuru Haiti baada ya miaka miwili ya moto, wakajiona wametoa zawadi. Kila mwaka alikuwa akiwachekesha wanafunzi kwa habari zao. Mara hii hakuweza kucheka.

Aliwakuta Reem na Salem kwenye benchi, karatasi mapajani mwa Reem.

"Nimeridhia," Mwalimu alisema. "Nitakuozesha mwenyewe. Chukua karatasi zako, twende nyumbani."

Salem alisimama kumpa mkono kwa heshima. Reem hakusimama, ingawa machozi yalikuwa yanamlenga.

"Ahsante, Baba. Kayaseme hayo mbele ya kadhi. Lakini kesi siiondoi."

"Kwa nini tena, na mimi nimeshakubali?"

"Nataka mahakama iandike kwamba sababu haikuwapo, na mwengine apate pa kushika. Wewe umeridhia leo. Wajukuu wa Bi Sayyida nao wataposwa na vijana kama Salem, na baba zao hawajasoma habari za Haiti."

Mwalimu Thabit akakaa upande wa pili wa benchi, akangoja kuitwa, yeye mshitakiwa.