Hewa Baridi Chini ya Peugeot

Kila asubuhi, kabla ya chai, tata Muteba aliwasha Peugeot 404 yake pale kibandani, akaiacha ingurume mpaka moshi uwe mwepesi, kisha akaizima. Haikwenda popote ila kanisani Jumapili. Mtaa wao wa Musonoi ulizoea kuamshwa na mngurumo ule. Asubuhi hii alizungusha ufunguo, na gari halikusema kitu.

Akazungusha tena. Kimya.

"Kapinga! Kuya uone. Motokari imekufa."

Kapinga alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa amemaliza masomo ya umeme Lubumbashi, lakini bado alizungumza na watu huku akiangalia miguu yao, hata miguu ya baba yake. Dirishani redio ya kaka yake Gael ilipiga muziki kwa nguvu. Gael mwenyewe hakuonekana.

"Washa mataa, Papa."

Taa ziliwaka, nyeupe na kali. Basi betri ilikuwa nzima. Akaomba ufunguo uzungushwe tena, akatega sikio juu ya injini. Hata ule mlio mdogo wa chuma kugonga chuma haukusikika. Umeme haukufika kwenye démarreur, ile mashine ndogo inayoizungusha injini mpaka ishike moto.

"Pengine ni waya. Niingie chini."

Jirani yao Mechack alikuwa ameegemea ukuta, mswaki mdomoni. "Tata Muteba, nitachelewa kazi juu yako! Kengele yetu iko na malaria?"

"Piga meno yako, Mechack."

"Basi tuache mademoiselle ingénieur aipige sindano!"

Kapinga alitandika boksi, akalala chali, akajisukuma chini ya gari. Aliuona waya mara moja. Haukuwa umeungua wala kukatika. Ulikuwa umechomolewa, na ncha yake imezungushiwa utepe mweusi kwa uangalifu, tabaka juu ya tabaka. Panya hafungi waya.

Hapo ndipo hewa baridi ilipomgusa shingoni. Ilitoka chini.

Aligeuza kichwa. Karibu na bega lake kulikuwa na mbao zilizofunikwa gunia, na ubao mmoja umesogezwa. Pengo lilikuwa jeusi, la kutosha mabega ya mtu mmoja. Lilinuka udongo mbichi. Pembeni yake zilikaa sandali za Gael, zimepangwa vizuri kama za mtu aliyeingia nyumbani kwa watu. Na chini ya muziki wa redio, mbali sana, kitu kilikuwa kikigonga jiwe.

Kumbe ndiyo sababu ya redio. Na sababu ya utepe pia. Bila shaka siku zote Gael alipanda juu kabla baba hajaamka. Leo alikuwa ameamua kubaki, akachomoa waya ili gari lisiwake. Moshi wa gari ungegonga ukuta wa nyuma, ukarudi chini ya gari, ukashuka shimoni, na huko hakuna upepo wa kuutoa.

"Gael," alinong'ona. Jina lilishuka, halikurudi.

Angeweza kumwambia baba. Lakini mvua zilizopita nyumba ya jirani mwingine ilizama na watoto wake wawili waliokuwa wakichimba madini chini yake, na tata Muteba alisimama katikati ya matanga akasema kwamba atakayechimba katika kiwanja chake si mtoto wake tena. Hakuwa mtu wa kulifuta neno lake.

Alitoka chini ya gari, vumbi mgongoni.

"Umeona nini?"

"Waya iko na shida. Tuache leo, Papa. Nitatengeneza kesho."

"Kesho! Na manivelle iko ya kazi gani?"

Akaingia ndani, akicheka, kutafuta chuma kile cha kuzungushia injini kwa mkono kutoka mbele. Gael hakuwa amefikiria manivelle.

Kapinga aliinua boneti. Akafungua kifuniko cha delco, akachomoa kile wanachokiita kidole, kipande kidogo kinachogawia kila plagi moto wake, akakitia mfukoni. Akafunga.

Baba alichomeka chuma, akazungusha. Injini ilijigeuza, ikakohoa, ikalala. Akazungusha tena, jasho likimtoka.

"Tata," Mechack alisema, akiiga kwa mkono mtu anayesonga ugali, "unasonga bukari ya batu ngapi?"

Tata Muteba hakucheka. Alikuwa amezeeka katika gereji ya mgodi. Alifungua delco, akaangalia ndani, kisha akamwangalia binti yake kwa muda mrefu.

"Jana kidole kilikuwa humu."

Baba alileta kopo la maziwa ya unga alimowekea vipuri, akachagua kidole kingine, kimechakaa, akakipachika kwa gumba. Akafunga kifuniko. Akainamia chuma.

Kabla hajazungusha, Kapinga alikimbia dirishani kuzima redio, asikie kama Gael anapanda. Katika ukimya ule alisikiliza kwa mwili wote. Kugonga hakukusikika tena, wala mtu akipanda.

Akarudi mbio. "Papa, tungoje."

"Tungoje nini?"

"Kidogo tu."

"Tangu asubui unazunguka, Kapinga. Sema yenye uko nayo, ao toka mbele ya motokari."

Hakuwa amejua kwamba amesimama kati ya baba yake na gari, mkono juu ya chuma. Aliinua macho kutoka kwenye viatu vya baba mpaka usoni mwake.

"Gael iko chini," alisema, na sauti yake ilifika mpaka kwa Mechack, aliyetoa mswaki mdomoni. "Kuko shimo chini ya motokari, na iko ndani. Ukiwasha, moshi itamuua. Utamukataa kisha, Papa. Kwanza tumutoe."